Makumbusho yetu yafungwe au yabaki? Naomba ushauri kabla ya kikao kijacho

Muuliza swali:
Wadau, salaam. Kikao cha makumbusho yetu ya historia kimevunjika bila mwafaka. Paa linavuja, wageni wamepungua. Kamati inataka vitu vipigwe picha na kuwekwa kwenye intaneti, vyenyewe vipelekwe makumbusho makubwa, vingine viuzwe, jengo lipangishwe. Wazee hawataki kusikia. Mimi nilijitolea pale miaka sita, lakini nilipopewa nafasi ya kusema ulimi ukawa mzito. Cherehani ya bibi yangu imo mle, ina kibandiko chenye mwandiko wangu. Sijui natetea historia au natetea cherehani. Nianzie wapi?

Mpita njia:
Wote mnaolia, mara ya mwisho mliingia humo lini? Nauliza tu.

Fundi wa skana:
Mpita njia ana hoja, ila inauma. Mimi kazi yangu ni hizo picha, na bado sikubali kwamba zinatosha. Makumbusho ya Taifa ya Brazil yaliungua Septemba 2, 2018, yakiwa na takribani vitu milioni 20. Baada ya moto, wanafunzi waliwaomba watu watume picha walizowahi kupiga mle ndani. Zilisaidia kukumbuka, lakini kilichoungua kimeungua. Pigeni picha hata mkiamua kubaki. Anzeni na barua na picha za zamani, maana maji yakidondoka hizo ndizo zinazotangulia kuharibika. Na chochote kilicho sakafuni kiinueni leo, msingoje kikao.

Mtunzaji mstaafu:
Mwanangu, acha paa kwanza. Fungua daftari la usajili. Kila kitu kiulizie: nani alikileta, alikitoa moja kwa moja au alikiazimisha tu, na karatasi yenye sahihi iko wapi? Kilichoazimwa kina mwenyewe, na kamati haina ruhusa ya kukipeleka popote bila yeye. Nimeona watu wakigombana miezi kuhusu jengo, kumbe nusu ya vilivyomo si vyao.

Hayo makumbusho makubwa nayo msiyategemee sana. Cherehani wanazo ghalani za kutosha. Watakachouliza ni habari zake: bibi aliipataje, alimshonea nani, kwa nini aliacha. Kama hayo hayajaandikwa, mtakuwa mmepeleka chuma.

Kuhusu kuuza, kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, ziko wazi: fedha ya kitu kilichotolewa kwenye mkusanyo itumike kwa faida ya mkusanyo wenyewe, na kwa kawaida ni kununulia vitu vingine. Anayetaka kuuza vinyago ili aezeke paa asomewe hapo.

Muuliza swali:
Shikamoo mzee, na asante. Jana nimelipitia daftari mpaka giza likaingia. Kurasa za mwanzo hazina hata jina la aliyeleta. Nimeziorodhesha, nitakwenda nazo kikaoni. Mpita njia, mimi ni miaka miwili sijaingia, umenipata.

Cherehani nimeiona ukurasa wa 31. Mwandiko wangu mwenyewe: "Imeazimwa." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimemwambia mama, naye ameuliza jambo moja tu: kwa hiyo inarudi lini?