Ushauri: AM usiku Mwanza inatoa mkwaruzo mtupu, nataka stesheni za mbali

Bwiru_Juu: Wakuu, nina redio ya betri ya mshale, AM yake inaanzia kilohezi (kHz) 530 hadi 1600. Nyumba ni ya bati, kuna sola na taa za LED. Mchana AM kimya, usiku mkwaruzo na Kiarabu kinachokuja na kupotea. Ninunue redio kubwa, nivute waya mrefu juu ya paa, au niende ufukweni? Nasikia maji yanavuta mawimbi.

FundiMasafa: Usinunue kitu kwanza. Zima meini swichi, kisha kata na sola, maana haipiti kwenye meini. Redio ibaki kwenye betri, mshale uuweke pasipo na stesheni. Mkwaruzo ukikatika, washa kimoja kimoja mpaka umpate mchawi. Mara nyingi ni kontrola ya sola, inveta, chaja ya simu ya bei poa au king'amuzi. Usipokatika, unatoka kwa jirani au kwenye nyaya za umeme. Hapo hama na redio. Na usisikilizie chini ya bati, toka nje.

Mchana ni kimya kwa sababu jua linatengeneza tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi ya AM. Jua likizama tabaka hilo linaisha, na mawimbi yanagonga tabaka la juu yakarudi chini mbali sana. Anza kusikiliza kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nyamagana_MW: Hilo la maji limechanganywa. Yanayobeba AM vizuri ni maji ya chumvi, ya bahari. Ziwa letu ni maji baridi, halizidi sana udongo mzuri. Ufukweni nenda, lakini kwa faida ya kuwa mbali na nyaya. Waya juu ya paa sikushauri kabisa: radi za ziwa hupiga usiku, tena waya huo unakusanya kelele zote za mtaa. Juni hadi Agosti radi hupungua, ndio msimu wa kusikiliza.

Ndani ya redio kuna kijiti cheusi cha feraiti, ndiyo antena yake ya AM. Kinasikia kwa ubavu, kwenye ncha ni kiziwi. Saudia (1521) na Misri (819) ziko kaskazini, Eswatini (1170) kusini, kwa hiyo kijiti kilale mashariki-magharibi. Kelele ikitoka upande mmoja, ielekezee ncha.

FundiMasafa: Ukitaka nguvu zaidi, tengeneza antena ya fremu. Mbao mbili za sentimita 85 zifunge msalaba, kila upande wa mraba utatoka sentimita 60. Zungusha waya wa plastiki mizunguko 13, nafasi milimita 6 kati ya waya na waya. Andaa mita 33. Ncha mbili ziunge kwenye kapasita ya kuzungusha (kifaa cha kuchagua stesheni) ya pF 365, yaani pikofaradi, kipimo cha kapasita. Fremu isiwe ya chuma. Makali yake yaelekee stesheni, redio iwe katikati, kijiti kikikata bapa la fremu kwa pembe mraba. Hakuna waya wa kuunga kwenye redio. Zungusha kapasita taratibu mpaka sauti ipande ghafla. Kilele ni chembamba, ukienda haraka unakiruka.

Bwiru_Juu: Asante sana wakuu. Hiyo ya pF 365 nitaipata wapi?

FundiMasafa: Redio kuukuu za valvu zinayo. Ukikosa, chukua kile cha plastiki cha redio mbovu ya mkulima, unga sehemu zake mbili za AM pamoja, upate kama pF 200. Hiyo inashuka hadi karibu 700 tu. Chini ya hapo ongeza kapasita ya kawaida ya pF 180 sambamba, uweke na swichi ya kuikata, la sivyo utapoteza stesheni za juu.

Nyamagana_MW: Nyongeza: ukisikia Saudia karibu na 611, hujagundua stesheni mpya. Redio rahisi ambayo ndani hugeuza kila stesheni kuwa kHz 455 huleta stesheni kali mara ya pili, 910 (mara mbili ya 455) chini ya mahali pake halisi. Na ukija kununua ya kidijitali, hakikisha kila hatua ya kutafuta stesheni inaruka kHz 9, si 10. Ya Marekani itapita 1520 na 1530 ikiacha 1521 katikati.