Naomba ushauri: Bunge la Dodoma linaweza kubadilisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Zanzibar bila sisi kukubali?

MamaSaruji_Unguja
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, tunaliendesha mimi na mdogo wangu wa kiume. Saruji, nondo na mabati mengi tunavusha kutoka Dar. Sasa kuna hoteli moja kaskazini inataka tuwapelekee vifaa mwaka mzima, na mkataba waliotuletea umeweka bei moja isiyopanda, "kodi zote zimo ndani." Mdogo wangu hataki tutie saini. Anasema kila Juni Waziri wa Fedha anasoma bajeti Dodoma, akiamua kupandisha VAT anapandisha, Serikali yetu huku haiulizwi, na hasara tutabeba sisi. Mimi najua VAT ya Zanzibar ni ya Zanzibar. Nani kati yetu yuko sahihi? Na mngekuwa nyinyi, mngetia saini? Wametupa mpaka Alkhamisi ya wiki ijayo.

WakiliPole
Waalaykum salaam dada. Kwenye VAT wewe ndiye uliye sahihi. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, Nyongeza ya Kwanza, uone orodha ya mambo ya Muungano. Jambo la 10 linataja kodi ya mapato ya watu binafsi na mashirika, ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini. VAT haimo. Ndiyo sababu tuna sheria mbili. Bara wanatumia Sheria ya VAT ya 2014, Zanzibar tunatumia yetu, Namba 4 ya 1998, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi. Bara walianza na asilimia 20 mwaka 1998, wakashuka hadi 18 mwaka 2009. Huku kiwango cha kawaida ni 15. Ingekuwa Dodoma ndiyo inayotupangia, tusingekuwa na tofauti hiyo.

Na hata wakitaka kuiingiza VAT kwenye orodha ya Muungano, ibara ya 98 inadai theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hapo ndipo ridhaa ya Zanzibar ilipo, na ni ridhaa yenye nguvu kweli.

MhasibuDarajani
Wakili kasema kweli, lakini dada usimpuuze mdogo wako. Hofu yake ina msingi, ameikosea jina tu. Mkataba wako hausemi "VAT imo," unasema "kodi zote zimo." Humo kuna ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, na hizo ni za Muungano. Viwango vya forodha hupangwa na nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja, na ushuru wa bidhaa unapitishwa Dodoma kwa wingi wa kawaida wa kura, ambako wabunge wa Zanzibar ni wachache.

Chukua saruji hiyo hiyo unayouza. Bajeti ya 2023/24 iliweka ushuru wa bidhaa wa TSh 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 ni TSh 1,000. Fikiria mwenye duka aliyekuwa ameshafunga bei na hoteli kwa mifuko elfu tatu: milioni tatu zinatoka mfukoni mwake, na hakuna kifungu cha kumsaidia. VAT ya Zanzibar haikuguswa hata kidogo, hasara ikaingia vile vile.

MamaSaruji_Unguja
Subhanallah. Hiyo ya 2023 naikumbuka, tulipandisha bei wateja wakatununia wiki nzima. Sikujua ile ni kodi ya aina nyengine. Kwa hiyo Baraza letu halikuwa na kauli yoyote?

WakiliPole
Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 132, inataka sheria ya Bunge inayohusu jambo la Muungano ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na waziri anayehusika. Wanasheria tunabishana miaka nenda miaka rudi: kupelekwa huko ni kuomba ruhusa au ni kutoa taarifa? Mimi naona kama kungekuwa ni taarifa tu, waliotunga ibara wasingejisumbua kuiandika. Ila wewe una duka la kuendesha, na mzozo huo hautaisha kabla ya Alkhamisi. Hesabu kwamba kinga hiyo huna.

Kariakoo_Mtaa_wa_Kongo
Niongeze kitu wakili hakukigusa. Dodoma haiwezi kubadilisha VAT yenu, lakini inaweza kubadilisha VAT yake, na ikawafikia nyinyi huko huko. Umeme ni mfano mzuri. TANESCO wanawauzia ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na kwa kuwa mauzo yanafanyika Bara, VAT ya Bara ya asilimia 18 ilikuwa inapanda juu ya umeme unaovuka bahari. Zanzibar wamelalamika sana, na haki yao. Mpaka 2019 ndipo Bunge likaweka kiwango cha sifuri, yaani VAT ya asilimia 0, kwenye umeme huo. Tazama ilivyokwenda: sheria iliyotibu tatizo ilikuwa ya Bara, Zanzibar ilibaki kuomba.

Kwa hiyo dada, kabla hujatia saini, nenda na risiti zako za ununuzi za huku, za EFD (mashine ya risiti za kodi), mpaka TRA na ZRA, mamlaka za mapato za Tanzania na za Zanzibar, uwaulize namna kila bidhaa yako inavyotozwa ikivuka. Usikubali jibu la mdomo la mtu wa bandarini.

MswahiliWaMvita
Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mna bahati ya kuwa na chombo chenu cha kutunga VAT. Kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 209, imeipa serikali ya taifa peke yake mamlaka ya VAT. Gavana haulizwi. Septemba 2018 VAT ya mafuta ilianza kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwezi huo huo. Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ya kawaida ilishuka kutoka 16 hadi 14, Januari 2021 ikarudi 16. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ya mafuta kutoka 8 hadi 16. Mambo yakafika kortini: Mahakama ya Rufaa iliifuta sheria nzima Julai 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba mwaka huo. Kaunti zinalindwa kwa njia nyingine, ibara ya 203 inazipa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini hilo ni fungu la kugawana, si sauti ya kupanga kodi.

Mimi nina lori mbili. Mikataba yangu yote tangu 2018 ina kifungu cha kodi. Kabla ya hapo nilikuwa sina, na nililia.

MamaSaruji_Unguja
Ahsanteni sana. Nimemsomea mdogo wangu yote, amefurahi kwamba nusu ya haki ni yake. Sasa hicho kifungu kinaandikwaje? Naogopa hoteli wakiona nimegusa mkataba watakwenda kwa mwengine.

MhasibuDarajani
Gusa mambo mawili tu. Kwanza, bei iandikwe bila VAT, na VAT iongezwe kwa kiwango kilichopo siku mzigo unapofika. Hoteli yenyewe ikiwa imesajiliwa VAT, inaweza kuidai hiyo VAT kwenye hesabu zake, kwa hiyo hawapotezi, ilimradi uwape risiti ya VFMS (mfumo wa risiti za kodi wa Zanzibar) kila safari. Pili: "Ushuru wa forodha au wa bidhaa ukiongezwa, ukipunguzwa au ukiwekwa mpya baada ya mkataba huu, bei itabadilika kwa kiasi hicho hicho." Weka na neno *ukipunguzwa*, usiliache. Wakiona na wao wanafaidika kodi ikishuka, watakusikiliza.

Wakikataa hilo la pili, punguza muda. Funga bei mpaka mwisho wa Juni, halafu mkae tena Julai bajeti zote mbili zikishaanza kazi, ya Dodoma na ya Baraza letu la Chukwani.

MamaSaruji_Unguja
Nimewapigia leo asubuhi. La VAT wamelikubali papo hapo. La ushuru wanataka kumuuliza mhasibu wao, jibu Jumatatu. TRA na ZRA nakwenda kesho na bahasha ya risiti.