Filamu yenye tuzo saba ilikosaje kuwa Filamu Bora?

Mwanafunzi wa Kamera (Ujiji)

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uelewa wa Tuzo za Oscar. Sisi ni vijana ishirini hapa Ujiji tunaojifunza kutengeneza filamu fupi, na kila Jumamosi usiku tunatundika shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta, tunatazama filamu moja hadi mwisho kisha tunaijadili. Mwezi uliopita tulitazama mbili zilizoshindana kwenye hafla ya Machi 2, 2014, yaani Gravity na 12 Years a Slave. Ya kwanza iliondoka na tuzo saba, ikiwemo ya Mwongozaji Bora aliyopewa Alfonso Cuarón. Ya pili ilipata tatu tu, lakini mojawapo ndiyo Filamu Bora. Mwenzetu anayeshika maikrofoni alisema kwa uchungu kwamba ikiwa uongozaji, upigaji picha, uhariri, muziki na sauti vyote vimekwenda kwa filamu moja, basi hakuna kilichobaki cha kuifanya nyingine iwe bora kuliko hiyo. Sikuwa na la kumjibu.

Siulizi kwa udadisi tu. Mwezi Desemba tunataka kutoa tuzo zetu wenyewe kwa filamu sita fupi tulizopiga huku huku, kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi Mwandiga. Tufuate hesabu gani ili mshindi akubalike?

Mwalimu Mstaafu (Katubuka)

Mwanangu, ubishi wenu una msingi, ila mmejumlisha vitu ambavyo havikupimwa kwa mizani moja. Kwanza, wanaoteua si wale wale kila mahali: waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na kadhalika, kisha katika duru ya mwisho wanachama wote wa Akademi, yaani chama cha watu wa filamu kinachotoa Oscar, hupiga kura katika vipengele vyote. Katika vipengele vingi mpiga kura huchagua jina moja, na mwenye kura nyingi hushinda hata kama hakufikia nusu. Filamu Bora haiendi hivyo. Tangu hafla ya mwaka 2010, mpiga kura huzipanga filamu zilizoteuliwa kwa mfuatano, kuanzia anayoipenda zaidi. Ikiwa hakuna filamu iliyovuka nusu ya kura za kwanza, ile ya mwisho huondolewa, na karatasi zake hupelekwa kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Huendelea hivyo mpaka filamu moja ivuke nusu.

Chukueni karatasi mfanye hesabu. Tuseme mko ishirini na filamu ni tatu: ya dagaa ina kura 8, ya mawese 7, ya reli 5. Kwa kura ya kawaida, dagaa ameshinda. Kwa kura ya mfuatano, reli inaondolewa, na tuseme katika wale watano, wanne walikuwa wameandika mawese katika nafasi ya pili na mmoja dagaa. Sasa dagaa ana 9, mawese ana 11, na mawese ndiye mshindi. Wapenzi wa dagaa hawakupungua hata mmoja, ila wengi wa waliobaki hawakuwa tayari kumfuata.

Akademi haitangazi idadi ya kura, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kwamba mwaka 2014 ilitokea hivyo. Lakini tazama jinsi jambo hilo linavyojirudia: mwaka 2016 Mad Max: Fury Road ilipata sita, na Spotlight ikawa Filamu Bora kwa mbili, mwaka 2017 La La Land sita, Moonlight tatu, mwaka 2022 Dune sita, CODA tatu. Kila mara aliyebeba nyingi aliikosa tuzo ya Filamu Bora.

Fundi Sauti (Gungu)

Namuunga mkono Mwalimu, nami nataka kumtetea huyo dada au kaka wa maikrofoni, kwa sababu kazi yetu haisikiki mpaka iharibike. Wakati ule sauti ilikuwa na tuzo mbili, moja ya kuhariri sauti na nyingine ya kuichanganya, na Gravity ilizichukua zote. Tangu hafla ya 2021 zimeunganishwa kuwa moja. Kwa hiyo katika zile saba, mbili ni za eneo moja la kazi, na hilo peke yake linaonyesha kwamba idadi ya tuzo hutegemea pia jinsi vipengele vilivyogawanywa.

Kwa Desemba yenu, tumieni kura ya mfuatano, nami nina sababu ambayo Mwalimu hakuitaja. Ninyi mtakuwa wapiga kura na washindani kwa wakati mmoja, na kila mmoja ataiweka filamu yake mwenyewe katika nafasi ya kwanza. Mkipiga kura ya jina moja, mshindi atakuwa yule aliyekuwa na watu wengi kwenye kikosi chake. Nafasi ya pili na ya tatu ndizo zitakazosema ukweli. Sharti moja tu: asiyetazama zote sita asipige kura. Akademi yenyewe ilitangaza Aprili 2025 kwamba mwanachama lazima awe ametazama filamu zote za kipengele ndipo akipigie kura duru ya mwisho. Kwenu ni usiku mmoja na shuka moja, hakuna kisingizio.

Halafu andikeni jina la kipengele kwa herufi kubwa juu ya kadi. Mwaka 2017 watangazaji walikabidhiwa bahasha ya Mwigizaji Bora wa Kike badala ya Filamu Bora, na kwenye ile kadi jina la kipengele lilikuwa chini kabisa kwa maandishi madogo. La La Land ikatajwa, watu wakapanda jukwaani, wakaanza kushukuru, ndipo ikajulikana kuwa mshindi ni Moonlight.

Binti wa Mwanga

Shikamoo Mwalimu. Naongeza jambo moja. Zile tuzo tatu za 12 Years a Slave ni Filamu Bora, mswada uliotokana na kitabu, na Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike aliyopata Lupita Nyong'o wa Kenya. Zote zinagusa kisa na watu wanaokibeba. Kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi ni la waigizaji, na mimi naamini mwigizaji akiulizwa filamu bora ni ipi, huanza kukumbuka nyuso.

Mwanafunzi wa Kamera (Ujiji)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Jana tulijaribu kwa filamu tatu za zamani. Kura za kwanza zilitoka 9, 6 na 5, na baada ya kuhamisha zile tano, iliyokuwa na sita ikashinda kwa 11. Mwenzetu wa maikrofoni ndiye aliyehesabu, karatasi moja moja, mara mbili. Tumekubaliana kufuata njia hiyo. Sasa tunatafuta watu wawili wasio na filamu katika mashindano watakaohesabu kura na kutunza bahasha. Aliye karibu na Ujiji na mwenye nafasi Desemba aniandikie hapa.