Kreni zisizo na mtu ndani: bandari yetu inazihitaji kweli?

Karani Mstaafu:
Wakuu, salaam. Juzi msibani Kurasini vijana wawili nusura washikane mashati. Mmoja anasema miaka kumi ijayo gatini Dar hutamkuta mtu, kreni zitajiendesha zenyewe. Mwenzake ndiye anayefungua vyuma vinavyoshikilia makontena melini, kwa hiyo mnaelewa kwa nini alipandisha.

Nimeona niulete ubishi huu hapa. Oktoba 2023 DP World, kampuni ya Dubai, walipewa kuendesha gati 0 hadi 7 kwa miaka 30, Mei 2024 Adani wa India wakachukua 8 hadi 11 kwa muda huohuo. Tuligombana mpaka tukakauka makoo kuhusu nani mwenye bandari. Mashine zitafanya nini, na watu zitawaacha wapi, hilo tuliliruka.

Mimi nilikuwa karani wa tali, yule anayehesabu makontena na kuandika namba zake. Namba ya kontena ni herufi nne, tarakimu sita, kisha ya saba imefungiwa kisanduku chake peke yake. Hiyo ya saba ni mtego: inatokana na hesabu ya zote zilizoitangulia, ukikosea moja hesabu inagoma. Usiku mmoja wa masika, karatasi imelowa, niliandika 3 badala ya 8. Kontena la mtu likapotea yadi siku tano na tunapita mbele yake kila zamu. Kamera za siku hizi za getini zinapiga hesabu ile papo hapo, kosa langu lingekataliwa kabla lori halijasogea. Sina kinyongo na kamera.

Kreni isiyo na mtu ni habari nyingine. Rotterdam walianza na magari ya makontena yasiyo na dereva mwaka 1993, na walikuwa na sababu: mfanyakazi wa Uholanzi ni ghali. Ila Jukwaa la Kimataifa la Uchukuzi, lile lililo chini ya OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri, lilipochunguza mwaka 2021 likakuta bandari za mitambo ya kujiendesha kwa jumla hazina tija zaidi kuliko za kawaida. Zinachopunguza ni mishahara. Sasa kibarua wa Dar analipwa shilingi ngapi mpaka mtu akope mamilioni ya dola ili amkwepe? Kinachotuua hapa ni kusubiri. Mashine ziende huko, mikono iachwe. Nipingeni.

Mama Vipuri:
Mzee Karani, shikamoo. Nakupinga nusu. Naagiza vipuri Dubai, duka lipo Kariakoo. Huko kusubiri unakokusema kuna watu kunawalisha. Zamani faili langu lilikuwa na miguu ya kutoka meza hii kwenda ile, na miguu hiyo niliinunulia soda mimi. Mambo yalipohamia mtandaoni nilishukuru Mungu, kweli, nyaraka natuma nikiwa dukani nimekaa.

Lakini mwaka jana nikatuma, Ijumaa mchana mfumo ukaganda. Jumatatu napiga simu, "mama, ni mtandao." Jumanne, mtandao. Siku za bure za kontena zikaisha, tozo ikaanza kuhesabu, kwa dola. Saa ya tozo haikuganda hata dakika moja. Na nikuambie kitu, mzee wangu: mfumo wa kupokea malipo haujawahi kunigandia tangu niuzoee.

Fundi Waya:
Mama, hilo la kuganda limewakuta hata wakubwa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha kompyuta kilichoanzia Ukraine kiliingia Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena. Simu za ofisini kimya, kompyuta nyeusi, malori yamepanga foleni nje ya geti huko New Jersey na hakuna anayejua kontena gani limo ndani. Hasara ilifika kwenye dola milioni 300. Seva zao za kutambua nani ni nani kwenye mtandao wa kampuni zilifutika dunia nzima, ikabaki moja tu, ya ofisi ya Ghana. Unajua kwa nini ilipona? Umeme ulikuwa umekatika. (Mnaoulaani mgao, chukueni hiyo.)

Kwa hiyo mimi ni mtu wa kompyuta na nasema hivi: mfumo wowote mnaouleta bandarini, niambieni kwanza siku ukifa kazi inaendaje. Nani ana orodha kwenye karatasi, na nani bado anajua kuisoma.

Dereva wa TANZAM:
Nyinyi mnaongelea kreni. Kontena likipandishwa kwenye trela kwa dakika tatu au kwa kumi, mimi sioni tofauti. Mlangoni mwa kontena wamefunga muhuri wa kielektroniki, popote nilipo wananiona kwenye ramani. Nikifika mpakani nalala chini ya trela usiku wa pili, wa tatu. Wananiona nimesimama. Ndiyo hivyo, wananiona tu.

Mtoto wa Gati:
Mimi ni kama yule kijana wa msibani, kazi yetu moja. Mzee, kwa heshima zote, wewe mafao umeshachukua. Hoja yako nimeisoma mara mbili. Unasema tusiogope mashine kwa kuwa mikono yetu ni rahisi. Yaani kinacholinda kazi yangu ni njaa yangu. Siku nikidai nyongeza, ndiyo siku hiyo kreni ya kujiendesha itaanza kulipa, au nimekosea hesabu?

Wenzetu Marekani, Oktoba 2024, makuli takriban 45,000 wa pwani ya mashariki na Ghuba ya Mexico waligoma siku tatu. Mshahara ukakubaliwa kupanda karibu asilimia 62 kwa miaka sita, na Januari 2025 wakapatana kuhusu mitambo bila kugoma tena. Sisi wa zamu tutagoma vipi? Nisipotokea kesho, nafasi yangu ina mtu kabla chai haijapoa.

Mama Vipuri:
Mwanangu, hapo sina la kukujibu. Ila mkigoma siku tatu, mzigo wangu ndio unaolipia.

Karani Mstaafu:
Marahaba, Mama Vipuri. Kijana, umenishika pabaya. Ningekukumbusha kwamba mwaka 1947 makuli wa Dar walikuwa vibarua kama wewe, wakagoma, na mgomo ukapanda na reli hadi bara. Lakini wakati ule meli isingeshusha gunia moja bila mgongo wa mtu, kwa hiyo sitaki kukudanganya kwamba ni mamoja.

Nirudi kwenye kamera, maana niliipitisha haraka mno. Tulikuwa makarani wanne kwa zamu. Kamera ilipowekwa tukabaki mmoja, wa kusomea yale makontena yaliyobonyea au kuchubuka rangi mpaka kamera inashindwa. Huyo mmoja nilikuwa mimi. Ndiyo maana ninaisifu.

Mmoja wa wale watatu anauza supu Tandika, nanunua kwake. Tumeongelea mpira, wajukuu, kisukari. Kamera hatujawahi kuitaja. Jumapili nitamuuliza, akikubali nitaandika hapa alichosema.