Mdogo wangu anahamia Tampere, Finland mwezi wa nane. Aanze na ofisi ipi?

Mama_Ipagala

Wadau habari zenu. Mdogo wangu amemaliza UDOM na amepata nafasi ya shahada ya uzamili Tampere, Finland, miaka miwili. Kibali cha ukaazi anacho, chumba cha wanafunzi amekipata, anaondoka Dodoma katikati ya mwezi wa nane. Kinachotusumbua ni wiki za mwanzo. Tunasikia majina tu ya ofisi, DVV, Kela, Vero, hatujui ipi inatangulia na ipi inafuata. Akaunti ya benki anafunguaje? Akiugua anakwenda wapi? Na makoti, anunue ya mitumba hapa Sabasaba au asubiri huko huko? La mwisho ni chakula, maana anataka kubeba mlenda, dagaa na asali ya Singida, na tunaogopa asije akanyang'anywa uwanja wa ndege. Naombeni maelezo ya anayejua, hatua kwa hatua. "Atazoea tu" tumeshaambiwa vya kutosha.

Mdau_wa_Kikuyu

Dada, chukulia kama hapa na namba ya NIDA. Kule kila mlango unafunguliwa na namba ya utambulisho, wanaiita henkilötunnus. Ni tarakimu sita za tarehe ya kuzaliwa, alama moja katikati (waliozaliwa mwaka 2000 na kuendelea kwa kawaida ni herufi A), kisha tarakimu tatu na alama moja ya mwisho. Wengi hupewa pamoja na kibali, kwa hiyo kabla ya yote aangalie barua yake ya uamuzi wa kibali. Akiikuta, ameokoa muda mwingi.

Akifika, mpangilio ni huu. Siku ya kuchukua ufunguo wa chumba ahakikishe jina lake la ukoo limeandikwa kwenye mlango. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini huko posta inaletwa mpaka mlangoni, na barua hutumbukizwa kwenye tundu la mlango. Mpeleka barua asipoona jina, anaondoka nayo. Na kadi ya benki, namba ya siri, barua za ofisi, vingi vinapita njia hiyo hiyo. Kama jina halipo, awaambie wenye nyumba siku hiyo hiyo. Wakati wakilishughulikia, abandike karatasi yenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Pili, atoe taarifa ya kuhama. Kisheria haipaswi kupita wiki moja tangu ahamie. Inapokelewa na DVV, ndiyo ofisi ya usajili wa watu. Mgeni anayefika mara ya kwanza huweka miadi na kwenda mwenyewe akiwa na pasipoti, kadi ya kibali, mkataba wa pango na cheti cha chuo kinachoonyesha masomo ni ya miaka miwili. Kitu anachokihitaji pale ni kuandikishwa kuwa mkazi wa manispaa, wanaita kotikunta. Asijibiwe "namba unayo tayari" akaridhika na kuondoka. Namba na ukazi wa manispaa ni vitu viwili tofauti, na huu wa pili ndio unaompa haki ya huduma za afya za umma kwa bei ya mkazi.

Tatu ndiyo benki. Aombe miadi mapema kabisa, hata kabla hajamaliza ya DVV, kwa sababu foleni inaweza kuwa ya wiki kadhaa. Kila anayeishi kihalali kule ana haki ya akaunti ya msingi, kwa hiyo tawi moja likimzungusha aende jingine. Aulize swali moja bila kulisahau: "Hizi namba za benki ya mtandaoni zinanipa na utambulisho wa uhakika wa mtandaoni?" Huko namba za benki (pankkitunnukset) ndizo zinazomwingiza mtu kwenye tovuti za serikali, kodi, Kela (shirika la hifadhi ya jamii), dawa na hata majibu ya vipimo. Kuna watu wanapewa namba za kutuma pesa tu, halafu mwezi wa pili ndio wanagundua haziwaingizi kwenye ofisi yoyote.

Hadi akaunti ifunguke atakula kwa kadi ya huku nyumbani. Benki yake ya Dodoma ijulishwe kabla hajaondoka kwamba kadi itatumika nje ya nchi na mtandaoni, la sivyo itakataa akiwa mbele ya mashine ya tiketi.

Vero ni ya kodi. Hana haraka nayo mpaka apate kibarua. Akipata, aombe verokortti, yaani kadi ya kodi, kabla ya mshahara wa kwanza. Mwajiri asipopewa kadi hiyo anakata asilimia 60. Hela inarudi baadaye, lakini mwezi huo atalala njaa. Na kibali cha mwanafunzi kinamruhusu kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, asivuke.

Muuguzi_Kisasa

Naongezea upande wa afya, maana hapo ndipo watu wanapoteleza.

Mwanafunzi wa shahada anatibiwa YTHS, huduma ya afya ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Daktari, meno, msongo wa mawazo, vyote vimo, na akifika kwenye miadi halipi. Ila kuna ada ya kila muhula inayolipwa Kela, na Kela hawamtumii bili. Analipa mwenyewe kabla ya tarehe 30 Septemba kwa muhula wa kwanza, na 31 Januari kwa wa pili. Aandike kwenye simu ipige kengele. Miadi asiyoiweza aifute mapema, kutokutokea kunatozwa.

Usiku na mwishoni mwa wiki, kwa tatizo lisilosubiri lakini halihatarishi uhai, apige 116117 kwanza. Ndio watakaomwambia aende Acuta, idara ya dharura ya hospitali ya Tays, au asubiri asubuhi. Akienda bila kupiga anaweza kukaa saa nyingi kwenye kiti. Kwa ajali, moto au mtu kuanguka ni 112. Kuna programu ya simu inaitwa 112 Suomi, ukipiga kupitia hiyo inawapa mahali ulipo. Aipakue kabla hajaondoka Dodoma.

Jambo ninalomwomba asilisahau: malaria. Akipata homa yoyote katika miezi ya mwanzo, sentensi ya kwanza kwa muuguzi iwe "nimetoka Tanzania tarehe fulani, naomba kipimo cha malaria". Daktari wa Tampere huiona malaria mara chache sana, na homa ya mwezi wa kumi kwake ni mafua. Asiseme "nina homa" akanyamaza.

Panadol haipo supamaketi wala kwenye kioski. Dawa zote za maumivu zinauzwa apteekki, duka la dawa. Antibiotiki hapati bila cheti cha daktari, na cheti chenyewe ni cha kielektroniki, anakwenda na kitambulisho tu. Kama ana dawa anazotumia kila siku, aruhusiwe na daktari wa huku kubeba za hadi miezi mitatu, zikiwa kwenye boksi lake pamoja na barua ya daktari. Kama anavaa miwani, apime na kutengeneza ya akiba hapa hapa Dodoma.

Na vitamini D. Mwezi wa kumi na mbili jua la Tampere linatoka kwa saa tano na kidogo tu, tena liko chini kabisa. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni mikrogramu 10 kwa siku, hasa kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu. Maziwa ya huko mengi yameongezewa, lakini kama si mnywaji wa maziwa anunue vidonge.

Nanenane_Mitumba

Mkuu, kuhusu makoti. Asijaze begi. Jaketi la mitumba la Sabasaba pamoja na sweta moja vinamtosha mpaka mwezi wa kumi. Zito la baridi anunue kule kule kwenye kirpputori, ndiyo mitumba yao, kwa sababu makoti ya pale yametengenezwa kwa baridi ya pale. Ya hapa mengi ni ya baridi ya mvua, si ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Siri ni tabaka, si unene. Linalogusa ngozi liwe la sufu au la kitambaa cha michezo, lisiwe fulana ya pamba. Pamba ikishika jasho kwenye basi lenye joto, ukitoka nje inakuganda mwilini. Juu yake sweta, juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Viatu achukue namba moja juu, soksi ya sufu ipate nafasi. Kiatu kikibana damu haishuki, na vidole ndivyo vinavyoumia kwanza hata kama soksi ni mbili. Aangalie soli iwe ya mpira yenye meno, maana hatari kubwa si theluji, ni barafu inayoyeyuka mchana na kuganda usiku. Kuna vyuma vidogo vya kuvalisha kiatu, wanaviita liukuesteet.

Halafu heijastin, kile kipande kinachong'aa taa ya gari ikikipiga. Sheria inamtaka mtembea kwa miguu awe nacho gizani. Kining'inie usawa wa goti, kimoja kila upande. Kikiwekwa begani, taa za gari zinapita chini yake.

Ngozi nayo itakauka, kwa sababu hewa ya ndani wakati wa baridi haina unyevu kabisa. Mafuta mazito apake mara tu anapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na maji. Losheni nyepesi anayotumia hapa haitamfaa.

Mama_Ipagala

Mungu awabariki. Nimeandika yote. Bado chakula na maisha ya ndani ya nyumba. Pia yeye ameolewa, mume atamfuata mwakani. Kuna karatasi ya kuandaa mapema?

Jikoni_AreaD

Chakula nakichukua mimi. Nyama, hata iliyokaushwa, samli na maziwa ya aina yoyote asibebe, kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni marufuku. Dagaa wakavu ruksa, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Asali hadi kilo 2, basi ya Singida achukue hizo mbili, aifunge kwenye chupa ya plastiki ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili. Zabibu zetu mbichi na mchicha aache, matunda na mboga mbichi vinadai cheti cha afya ya mimea. Mlenda uwe uliokaushwa na kusagwa, na aandike juu ya mfuko kwamba ni mlenda.

Unga wa ugali upo. Anatafuta neno maissijauho. Asichukue *maissitärkkelys*, hiyo ni wanga wa mahindi wa kuzitisha mchuzi, ukiusonga unapata gundi. Vifurushi vinafanana na huwa rafu moja. Wa kwenye supamaketi ni wa manjano na wakati mwingine una chenga, kwa hiyo uji wa mwanzo uchemke zaidi kabla ya kuongeza unga. Unga mweupe ataupata kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Wa mtama aulize *durra*.

Supamaketi nyingi matunda anapima mwenyewe. Karibu na bei kuna namba, anaweka nyanya kwenye mzani, anabonyeza namba hiyo, stika inatoka, anabandika kwenye mfuko. Akifika kaunta bila stika foleni nzima inasimama kumsubiri. Lidl wao hupima kaunta.

Chupa na makopo ya soda asitupe. Bei aliyolipa ina amana ndani yake: kopo senti 15, chupa ya plastiki ya nusu lita senti 20, ya lita moja na nusu senti 40. Analisha mashine dukani moja moja, anapata risiti ya kutoa kaunta. Asizikunje kama tunavyozikunja sisi, mashine inasoma mistari ya lebo, isiposoma inaitema chupa.

Nyumbani, kaanga chapati feni ya jiko ikiwa imewashwa na mlango wa jiko umefungwa. King'ora cha moshi cha dari kinalia kwa moshi mdogo sana, na akikitoa betri ni kosa. Mafuta yaliyotumika yasimwagwe kwenye sinki. Kufua ni kwenye chumba cha pamoja, pesutupa, kwa kuandika zamu. Akichelewa zamu yake inachukuliwa na mwingine. Milango hujifunga yenyewe, ufunguo uwe mfukoni hata anapopeleka taka, kwani kumwita mtu wa kufungua kunalipiwa.

Na saa! Miadi ya 8.15 ni saa mbili na robo asubuhi, 14.00 ni saa nane mchana. Aweke simu kwenye saa 24 tangu sasa. Mwezi wa nane saa yao ni sawa na ya Dodoma, ila kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudi nyuma saa moja hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Msimpigie saa kumi na mbili asubuhi ya hapa, kwake itakuwa kumi na moja.

Mdau_wa_Kikuyu

Dada, la ndoa ndilo la kufanya wiki hii, usingoje. DVV hawasajili ndoa kwa nakala ya simu. Wanataka cheti halisi kilichothibitishwa. Kama cheti chao ni cha kanisani au msikitini, apate kwanza cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kisha kinagongwa muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Finland ulioko Dar es Salaam unathibitisha muhuri wa wizara. Mpangilio huo haugeuzwi, ubalozi haugusi karatasi ambayo wizara haijaigonga. Kama kimeandikwa Kiswahili tu, kitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayetambulika. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kama yupo, kiende safari moja na hicho.

Majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. Kama pasipoti imeandikwa majina matatu na cheti mawili, warekebishe huku kabla ya muhuri, maana kule karatasi itarudishwa na itabidi ianze safari yote upya kutoka Dodoma.

Akishatua Helsinki-Vantaa, treni ziko chini ya uwanja huo huo. Apande P, ndiyo inayokwenda Tikkurila, hapo abadilishe aingie ya Tampere. Tiketi anunue kwenye programu ya VR, shirika la reli, kabla, karibu na siku yenyewe bei hupanda. Mjini Tampere tramu na mabasi anagusisha kadi ya benki kwenye mashine akiingia. Ahesabu na nusu saa ya ziada pale Tikkurila, mizigo ya mtu wa kutoka Dodoma haiwi begi moja.