Mgonjwa wa mpira wa tumboni amerudi Malindi na barua ya mstari mmoja

LisheMalindi:
Asalaam alaykum wenzangu. Mgonjwa wa saratani ya umio amerudi Malindi kutoka Mombasa baada ya kumaliza mionzi. Analishwa kwa mpira wa tumboni, yaani uliopitishwa kwenye tundu la ngozi ya tumbo. Barua aliyotoka nayo wodini inasema tu "aendelee na lishe kupitia mpira". Leo ana kilo 46. Kadi yake ya miezi mitatu nyuma inaonyesha 55. Nyumbani anapewa uji wa wimbi uliochujwa, mililita 200 mara nne kwa siku, na hii ni wiki ya pili. Kliniki ya Mombasa ni baada ya mwezi. Nianzie wapi, na niwadai nini?

MizaniNaKikombe:
Waalaykum salaam. Fanya hesabu kwanza. Kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake ni kama 1,150 hadi 1,380 kwa siku, na protini gramu 55 hadi 69. Uji mwepesi wa kupita mpirani mara nyingi ni kama nusu kilokalori kwa mililita, kwa hiyo zile mililita 800 zinampa 400 tu.

Lakini usikimbilie kumjaza! Amepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito na amekula kidogo kwa muda. Wanga ukiingia kwa wingi ghafla, insulini husukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi ndani ya seli. Kwenye damu vinaporomoka, na moyo unaweza kuyumba. Daktari wa Malindi amwone leo, asingoje kliniki: apime hivyo vitatu na aanzishe tiamini (vitamini B1) kabla chakula hakijaongezwa. Kianzio ni kama kilokalori 10 kwa kilo, yaani 460, karibu na anachopata sasa. Mpandishe taratibu kwa siku 4 hadi 7, vipimo vikirudiwa.

NesiWaPwani:
Naongeza ya mpira. Piga simu wodini wakupe aina yake, ukubwa, tarehe uliyowekwa, alama ya sentimita kwenye ngozi, na kama una puto (kipulizo cha maji kinachoushikilia ndani ya tumbo), maji mangapi yamo. Ukichomoka usiku bila taarifa hizo, zamu ya Malindi itabahatisha. Ukichomoka kabla haujatimiza wiki nne tangu uwekwe, usirudishiwe ndani nyumbani wala zahanati: njia yake kutoka ngozini hadi tumboni haijakomaa, na chakula kinaweza kumwagika ndani ya tumbo. Wa zamani nao usicheleweshwe, tundu huanza kuziba ndani ya saa chache.

Uji wa wimbi ukipoa huganda, watu huongeza maji ili upite, na nguvu inapungua. Unga wa kimea huulainisha bila maji ya ziada. Ukifika wakati wa kupandisha, tia maziwa ya unga, na mafuta: kijiko kikubwa kimoja ni kama kilokalori 120. Tui pia linafaa, ila kwa joto la huku linachacha upesi, kwa hiyo likamuliwe la mlo huo huo. Maji safi mililita 30 kabla na baada ya kila mlo, na akae wima nusu saa hadi saa nzima.

MizaniNaKikombe:
Jambo jingine la kuwadai Mombasa: kama walimwandikia maziwa ya kopo, waandike gramu ngapi kwa mililita ngapi za maji, si "vijiko vitatu". Kijiko cha kopo moja si sawa na cha jingine, na duka la huku huenda lisiwe na aina ile. Na kabla ya kuamini kilo 46, bonyeza miguu. Ikiwa imevimba, uzito halisi ni mdogo zaidi.

LisheMalindi:
Miguu haijavimba. Daktari anamwona mchana huu. Wodi haijapokea simu, ila naona mpira una mdomo wa pembeni ulioandikwa mililita 20.

NesiWaPwani:
Huo ni wa puto, na 20 ni kiasi cha puto, si cha chakula. Ubandikie plasta iliyoandikwa USITUMIE. Dawa au uji ukisukumwa humo puto hupasuka, na mpira unatoka wenyewe.