Wewe uliyeniuzia molasesi ya maji, njoo tuzungumze habari ya tai ya shemeji

Wakuu, salaam. Nimekaa siku tatu nikingoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, kwa hiyo naandika nazo hivyohivyo. Na mods, tafadhali sana, uzi huu usihamishiwe jukwaa la vichekesho. Hili ni lalamiko.

Kwanza mnijue. Mimi si mfugaji, ni mwalimu, nakaa Moshi mjini. Mwenye ng'ombe ni bi mkubwa, huko juu Kibosho. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian anayeitwa Madam (jina sikumpa mimi), pamoja na ndama wake. Bi mkubwa amekwenda Dodoma kumlea dada yangu aliyejifungua, akaniachia banda, mpwa wangu wa kidato cha pili, na maagizo ya karatasi mbele na nyuma. Maji yasikauke, maana ng'ombe anayekamuliwa anamaliza ndoo tatu hadi nne kubwa kwa siku. Mgomba ukatwekatwe vipande vidogo. Na mabua, kwa kuwa kiangazi kimekausha kila kitu na majani hayapatikani, yanyunyiziwe molasesi (ile shira nzito nyeusi inayobaki kiwandani miwa ikitengenezwa sukari) nusu lita iliyokorogwa na maji, la sivyo Madam anayaangalia tu kama umemletea kuni.

Molasesi ikaisha. Jumatano nikaenda duka moja la vyakula vya mifugo, jina nalihifadhi ila mwenyewe akisoma hapa atajijua. Nikachukua madumu mawili ya lita 20. Jamaa akanibebea mpaka kwenye bodaboda huku akisifia mzigo wake: "Mwalimu, hii ndiyo yenyewe, nyepesi, haikusumbui kumimina."

Nyepesi! Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, na namshukuru kila mtu atakayenitukana kwa kutoshtuka. Molasesi halisi inashuka kwa kujivuta, kama mtoto aliyeitwa kuoga. Yangu ilikuwa inacheza ndani ya dumu, chwa-chwa-chwa, njia nzima hadi nyumbani. Mimi nikadhani ni barabara.

Madumu nikayapanga ukutani nje ya banda, upande wa jua. Ijumaa mpwa akaniambia, "Mjomba, dumu limetuna." Nikaenda nikaangalia. Kweli limetuna, kama chura aliyechokozwa. Nikamwambia ni joto, plastiki ndivyo ilivyo. Nafundisha jiografia, wakuu, siyo kemia.

Sasa Jumapili. Nilikuwa msimamizi wa kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu. Askofu mwenyewe anakuja, misa saa nne. Nimevaa shati jeupe, suruali ya kijivu, na tai ya hariri niliyoazima kwa shemeji, ambaye aliikabidhi kwa mikono miwili kama hati ya kiwanja. Saa mbili na nusu nikawa tayari kabisa. Mpwa akasema Madam hajala, yeye alikuwa bado anamalizia kukamua. Nikasema haina neno, ni dakika mbili tu, namimina molasesi naondoka.

Najua mtakachoandika. "Nani analisha ng'ombe na tai shingoni?" Mimi hapa. Tuendelee.

Nikaliburuta dumu hadi kwenye hori, nikaliinamia, nikazungusha mfuniko. Mzunguko mmoja tu. Sikufika wa pili. Kilichofuata ni PAA! Mfuniko ukapiga mabati juu, na povu jeusi likanijia usoni, kifuani, masikioni, mdomoni. Sikuona tena kitu. Nikarudi nyuma nikipapasa, na nyuma yangu kulikuwa na hori, ambalo bi mkubwa alilijenga fupi makusudi ndama naye afikie. Nikaketi ndani yake. Juu ya mabua. Nikiwa nimelowa molasesi kuanzia utosini.

Yaani nilikuwa chakula kilichoandaliwa kwa kufuata maagizo ya bi mkubwa neno kwa neno.

Madam hakupoteza muda. Kwa asiyejua, ulimi wa ng'ombe si kitu cha kuchezea. Hana meno ya mbele taya la juu, kwa hiyo ulimi ndio mkono wake, anauzungushia majani anayavuta. Una vijinundu vigumu vilivyoelekea ndani, msasa mtupu. Alianza na sikio la kulia. Akaja shingoni. Nikampigia kelele, "Madam acha!" na kila nilipofungua mdomo ulimi ukawa unakaribia kuingia. Halafu akaipata tai.

Akaizungushia ulimi, akavuta, akameza kidogo. Akavuta tena, akameza tena. Mnyama wa kilo zaidi ya 400 ananimeza kwa kamba, wakuu, na fundo lenyewe limelowa, halifunguki. Kadiri tai inavyoingia kwake ndivyo uso wangu unavyosogea kwenye pua yake. Pumzi yake ilikuwa ya moto na inanuka majani yaliyochacha. Mpwa wangu, damu yangu mwenyewe, namlipia ada, alikuwa amesimama mlangoni na simu ananirekodi. Nilipomtaja kwa majina yake yote matatu ndipo akaweka simu chini, akachukua panga la kukatia mgomba, akakata tai kati ya kidevu changu na midomo ya ng'ombe. Pengo lilikuwa kama vidole vinne. Nilisali sala zote ninazozijua na moja niliyoitunga palepale.

Nusu ya tai ikabaki na mimi. Nusu nyingine ikashuka, slap, Madam akajilamba na kuanza kunusa mfuko wa shati.

Nikaoga kwenye mfongo, maji yale yanayotoka mlimani, saa tatu asubuhi; walioyaoga wananielewa. Molasesi inatoka kwa maji, ndiyo, ila nywele hazikukubali na kola ilibaki kahawia. Nikaenda kanisani hivyohivyo na nyuki wawili wakanisindikiza mpaka ndani. Ikafika zamu yetu, mtoto yuko mbele ya askofu anapakwa krisma, mimi nimeweka mkono begani kwake kama inavyotakiwa. Kumaliza, mkono ukagoma kutoka. Shati la mtoto likaja na mkono wangu. Askofu akaniangalia, mama wa mtoto akaangalia pembeni.

Sasa nije kwenye lalamiko lenyewe, maana naona mmeshaanza kucheka na hamjafika kwenye wizi.

Molasesi safi haichachi kirahisi. Sukari yake ni nyingi mno kwa maji yake, hamira haiwezi kufanya kazi humo, sababu ileile inayofanya asali ikae. Ukiizimua na maji ndipo inageuka kuwa pombe, inatoa hewa, na ukiwa umeifunga kwenye dumu juani, hewa hiyo inamngoja mwalimu mwenye shati jeupe. Sisi ni Wachaga, jamani, mbege, pombe yetu ya ndizi, tunaijua toka tumboni. Huyu ndugu alinitengenezea mbege ndani ya dumu akaniuzia kama chakula cha ng'ombe.

Na nina ushahidi. Dumu la pili halijafunguliwa. Jumatatu nililibeba hadi kwa jirani mwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia kahawa. Lita moja ya molasesi safi ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo lita 20 ni kama kilo 28, weka na kilo moja ya dumu tupu. Langu lilisoma 24 na nusu. Pigeni hesabu wenyewe: zaidi ya nusu ya lita hizo ni maji ya bomba, tena niliyalipia kwa bei ya molasesi. Jirani alishauri niende Wakala wa Vipimo. Nikawaambie nini? Lita ni 20 kamili! Mwizi huyu kwenye ujazo ni mwaminifu kuliko mimi.

Nikampigia muuzaji. Akasema, nanukuu kadiri nilivyosikia nikiwa natetemeka, "Mwalimu, mzigo ukishatoka dukani unabadilika na hali ya hewa." Nikamwambia nirudishie hela. Akasema sawa, leta madumu yote mawili yakiwa yamejaa. Yakiwa yamejaa! La kwanza liko kwenye dari, kwenye nywele zangu na kwenye nyongo ya Madam, nalijaza vipi?

Afisa mifugo wa kata alikuja, na nashukuru, ila alicheka dakika nzima kabla ya kufungua mkoba. Alimsikiliza Madam ubavuni kushoto, akaangalia kinyesi, akasema nguo tumboni mwa ng'ombe inaweza kukaa tu huko kwenye tumbo la kwanza, ambalo linabeba zaidi ya lita 100, au inaweza kuziba njia. Niangalie kama anakula, anacheua na kunya kama kawaida. Basi mtu mzima mwenye shahada nimekaa kwenye kigoda siku tatu nahesabu ng'ombe anavyocheua. Anacheua vizuri kuliko mimi ninavyolala.

Bi mkubwa alipoelezwa kwa simu aliuliza maswali mawili. Madam anaendeleaje? Na mabua ya kwenye horini niliyakalia mangapi?

NYONGEZA: Naona komenti. Aliyeuliza kama video ipo, video imefutwa. Aliyeandika kwamba ameshatumiwa video kwenye grupu la ukoo wao, nitumie jina la aliyeituma, nina panga. Mnaosema nimlipe shemeji tai yake: nimempelekea nusu iliyobaki, hajanijibu. Na yule mzee aliyekuja jana jioni na kikombe akiuliza kama lile dumu la pili "limeshaiva", nilimrudisha, lakini sasa naanza kufikiria upya.

Maana lile dumu limetuna zaidi. Nimelihamishia chini ya mgomba, nimelifunika na karai, nimeweka jiwe juu. Sitaki kulitoboa, ushahidi utamwagika. Sitaki kulifungua, sababu mnaijua. Usiku linalia, nyiii, kama linavuta pumzi. Kuna mdau yeyote wa maeneo ya Kibosho mwenye uzoefu na kofia ya pikipiki?